Kengele ya Wote na Wito wa Kundi

(Hotuba iliyosomwa kwenye mkutano wa mwaka wa Wanafunzi wa Zamani)



Kamati imenitaka nieleze kwa nini napinga kununua swichi ya bei nafuu kwa ajili ya chumba kipya cha kompyuta. Naomba mnivumilie, hasa ninyi mliokimbia fizikia.

Mnaikumbuka kengele ya alfajiri. Haikuchagua mtu: mwenye zamu ya kufagia na mgonjwa wote waliamka. Katika mtandao nayo ipo. Kadi ya mtandao ya kila kompyuta ina anwani ya biti 48, na anwani ambayo biti zake zote 48 ni moja ndiyo ya wote. Kompyuta inayomtafuta mwenye namba 192.168.1.20 huipiga kengele hiyo na kuuliza, "Nani mwenye namba hii?" Zote husikia, moja hujibu. Asiyejua mtu analala bweni gani atafanya nini ila kupaza sauti? Lakini kila mashine hulazimika kusoma swali lisiloihusu. Afadhali ruta haiipitishi kengele hiyo nje ya ua.

Mwaka 2009, katika ofisi niliyokuwa nikifanya kazi, niliona waya unaning'inia, nikauchomeka kwenye swichi bila kuuliza ncha ya pili iko wapi. Kumbe ilikuwa kwenye swichi ileile! Swichi hulitoa tangazo la wote kwenye matundu yote isipokuwa lile lilikoingilia. Basi likatoka, likarudi, likatoka tena, na pakiti za namna hiyo hazina hesabu ya safari ya kuzifikisha kikomo. Mtandao mzima ulisimama, tena siku ya mishahara. Jinsi wenzangu walivyonitazama sitasahau. Dawa alikwisha kuibuni Radia Perlman mwaka 1985: swichi hupelekeana ujumbe, zikaugundua mzunguko na kuuziba. Swichi yetu, ya bei nafuu, haikuwa nayo.

Sasa wito wa kundi. Mwalimu wa michezo hakupiga kengele. Aliita timu ya mpira, waliojiandikisha wakatoka, wengine tukaendelea na hesabu. Steve Deering aliuandikia utaratibu huo waraka mwaka 1989. Namba za kuanzia 224.0.0.0 hadi 239.255.255.255 si za kompyuta yoyote. Ni za makundi, na kompyuta hujiunga na kujitoa zenyewe. Somo la video la megabiti 4 kwa sekunde, likipelekwa kwa kompyuta 40 moja moja, ni megabiti 160, na waya wa megabiti 100 hauyabebi. Likipelekwa kwa kundi, seva hutoa nakala moja tu ya megabiti 4. Toleo la sita la itifaki ya intaneti limeiacha kabisa kengele ya wote, likabaki na makundi.

Ila swichi isiyosikiliza nani kajiunga hulimwaga tangazo la kundi kwenye matundu yote, na hapo tumerudi kwenye kengele. Ninayoiomba husikiliza, na mizunguko huiziba. Bei za zote mbili nimemkabidhi Mweka Hazina. Robo ya tofauti nitalipa mimi. Wa darasa langu, tafadhali msinikimbie mlangoni.