UMRI WA CHOMBO NA WAJIBU WA MWENYE CHOMBO: Ndege Kongwe za Watalii na Meli ya Liemba ya Kigoma

Ifuatayo ni matini ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wananchi kuhusu usalama wa vyombo vya usafiri vilivyotumika kwa miaka mingi.





Watu wa visiwani na watu wa ukanda wa Ziwa Tanganyika wanatenganishwa na mwendo mrefu wa reli na bahari, lakini wana jambo moja linalowaunganisha. Wote huishi kwa kutegemea vyombo. Mkaazi wa Unguja au Pemba hawezi kufika Bara bila ya boti au ndege, na mkaazi wa vijiji vingi vya kusini mwa Kigoma, kwa miaka mingi, hakuwa na njia ya kufika mjini ila ya maji. Kwa hiyo swali la umri wa chombo si la mafundi peke yao. Ni swali la kila mwenye kukata tiketi.

Mazungumzo haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kutazama mifano miwili. Wa kwanza ni ndege kongwe za jeti zilizowabeba watalii wa Ulaya. Wa pili ni meli ya Liemba, ambayo nyumbani kwake ni bandari ya Kigoma.

Ndege za Afrika Mashariki zilizokwenda kubeba watalii

Safari za mapumziko ambazo mteja hulipa bei moja kwa ndege na hoteli zilianza kwa ndege ndogo za pangaboi. Mwezi Mei 1950 kampuni ya Horizon, iliyoanzishwa na Vladimir Raitz, ilipeleka kundi lake la kwanza kutoka Uingereza hadi kisiwa cha Corsica kwa ndege ya DC-3. Biashara hiyo ilipokua, makampuni ya ndege za kukodiwa yalihitaji jeti, lakini hayakuwa na uwezo wa kununua mpya. Yakageukia zile ambazo mashirika makubwa yalikuwa yanaziacha.

Hesabu yao ilikuwa rahisi kufahamika. Ndege mpya hununuliwa kwa mkopo mkubwa, na ili mkopo ulipike ni lazima iruke karibu kila siku, masika na kiangazi. Ndege kongwe hula mafuta mengi na hudai matengenezo mengi, lakini bei yake ya kununulia ni ndogo. Msimu wa watalii ukiisha inaweza kuegeshwa bila ya kumfilisi mwenyewe. Kwa biashara ya msimu, chombo kikongwe kilikuwa ndicho chenye faida.

Kampuni ya Kiingereza ya Dan-Air ni mfano mzuri. Tangu mwaka 1966 ilinunua ndege nyingi za Comet 4 zilizokuwa zikiachwa na mashirika mbalimbali duniani, nyingine kwa ajili ya kuruka na nyingine kwa ajili ya vipuri. Miongoni mwake zilikuwamo Comet za shirika la East African Airways, mali ya pamoja ya nchi za Afrika Mashariki, zilizoanza kazi mwaka 1960 na kuunganisha miji ya Afrika Mashariki na London. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndege hizo zilibadilishwa rangi na kuanza kubeba watalii wa Ulaya kwenda kwenye fukwe za Mediterania. Comet ya mwisho ya Dan-Air iliwabeba abiria wake wa mwisho mwezi Novemba 1980.

Funzo la ufa

Comet yenyewe ndiyo iliyoufundisha ulimwengu maana ya umri wa ndege. Tarehe 2 Mei 1952 Comet ya kwanza ilifungua safari ya kwanza ya abiria kwa jeti duniani, kutoka London hadi Johannesburg, na miongoni mwa vituo vyake kilikuwa Entebbe. Mwaka 1954 mbili kati ya ndege hizo zilipasuka angani, moja karibu na kisiwa cha Elba na nyingine karibu na Naples. Hazikuwa na umri wa hata miaka mitatu ya kazi.

Uchunguzi ulibainisha chanzo. Kila ndege inaporuka, hewa hushindiliwa ndani yake ili abiria waweze kupumua. Inapotua, hewa hiyo hupunguzwa. Bati la ndege hutanuka na kunywea kila safari, mfano wa mpira unaojazwa na kutolewa upepo. Mwishowe chuma huchoka na kufanya ufa mdogo, hasa kwenye pembe za matundu yaliyokatwa, na ufa ukifikia kiasi fulani hupasuka kwa ghafla. Comet 4 ilitengenezwa upya kwa kuzingatia funzo hilo.

Ni vyema ieleweke, kwa hiyo, kwamba umri wa ndege hauhesabiwi kwa miaka peke yake. Huhesabiwa kwa saa za kuruka na kwa idadi ya kuruka na kutua. Ndege inayoruka safari fupi fupi mara nane kwa siku huzeeka upesi kuliko inayovuka bahari mara moja.

Funzo la pili lilipatikana karibu na kwetu. Tarehe 14 Mei 1977 ndege ya mizigo aina ya Boeing 707, mali ya Dan-Air, iliondoka Nairobi kuelekea Lusaka. Ilipokaribia kutua, bawa dogo la mkiani upande wa kulia lilikatika, na watu wote 6 waliokuwamo walifariki. Ndege hiyo ilikuwa imeruka zaidi ya saa 47,000. Iligundulika kwamba ufa ulikuwa umekua ndani ya chuma kwa muda mrefu, na kwamba ukaguzi wa kawaida haukuwa wa namna ya kuweza kuuona. Baada ya ajali hiyo kanuni za kimataifa zilibadilishwa, na ndege kongwe zikawekewa ukaguzi wa ziada unaotafuta nyufa mahali maalumu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika usafiri wa anga, asiyeuziba ufa hapati fursa ya kujenga ukuta.

Liemba na grisi ya mafundi wake

Sasa tugeukie Kigoma, mji ambao jeti za watalii hazikuufikia. Watalii wa Ulaya waliteremkia Mombasa na baadaye Zanzibar, kwa sababu huko kulikuwa na njia ndefu za kurukia ndege na hoteli za kutosha kupokea ndege nzima kwa siku moja. Kigoma ina Gombe, ambako Jane Goodall alianza utafiti wake wa sokwe mwezi Julai 1960. Ina Mahale, na ina Ujiji, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Lakini uwanja wake wa ndege ulikuwa wa changarawe hadi katika muongo wa 2010, na umetumiwa zaidi na ndege za pangaboi.

Chombo kikongwe cha Kigoma ni cha majini. Meli hiyo iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupandishwa reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Iliundwa upya Kigoma na kushushwa majini mwezi Februari 1915.

Mwezi Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakiondoka Kigoma, waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka mashine zake grisi nzito. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa, na mashine zilikutwa bado zina manufaa. Mwezi Mei 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa hilo upande wa kusini. Waliopaka grisi ile hawakuwa na hakika kama meli itaonekana tena. Hata hivyo waliifanya kazi yao ipasavyo, na waliofaidika ni wakaazi wa ziwa kwa vizazi vilivyofuata.

Katika miaka ya 1970 injini za mvuke zilibadilishwa na kutiwa za dizeli, na mwaka 1993 meli ilifanyiwa ukarabati kwa msaada wa Denmark. Maji baridi ya ziwa nayo yalisaidia, kwani hayali chuma kwa haraka kama maji ya chumvi.

Liemba ilikuwa ikitoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia. Mahali pengi njiani hapakuwa na gati. Meli ilipopiga honi, mitumbwi na mashua zilitoka vijijini kuwaleta abiria, magunia ya dagaa, mahindi na mananasi, na wengine wakateremka kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1997 meli hii iliwarejesha kwao wakimbizi wa Kongo zaidi ya 75,000, na mwaka 2015 iliwachukua maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma.

Mwaka 2018 huduma yake ilisimama. Mwaka 2023 mkataba wa ukarabati mkubwa ulitiwa saini. Hapo katikati ndipo lilipo somo kwa mtumishi wa Serikali. Chombo kikongwe kinapoondolewa kazini bila ya kingine kuchukua nafasi yake, safari hazikomi. Mgonjwa bado atapelekwa hospitali na dagaa bado watapelekwa sokoni. Watu huhamia kwenye mashua za mbao, zisizo na vifaa vya kutosha vya kujiokolea, na hatari huongezeka badala ya kupungua. Anayeamua kusimamisha chombo kwa ajili ya usalama anatakiwa, katika uamuzi huo huo, aeleze abiria watapita wapi.

Upya peke yake hautoshi

Kuna wanaodhani kwamba dawa ni kununua vipya tu. Matukio yanaonyesha vingine. MV Bukoba, iliyozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu, ilikuwa changa sana ikilinganishwa na Liemba. MV Skagit, iliyozama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, iliundwa mwaka 1989, lakini iliundwa kwa maji yaliyokingwa na upepo, si kwa mkondo wa bahari yetu. Spice Islander, iliyozama tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ilikuwa kongwe kweli, ya mwaka 1967, lakini usiku ule ilipakia watu kupita kiasi kilichoruhusiwa, na hapana chuma kinachoweza kustahimili hesabu ya uongo.

Katika anga hali ni hiyo hiyo. Air Tanzania ilipokea Boeing 787 yake ya kwanza mwezi Julai 2018, ndege ya kisasa kabisa. Hata hivyo, mwezi Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliliweka shirika hilo katika orodha ya yaliyokatazwa kuruka katika anga yake, na mwezi Juni 2025 katazo hilo likapanuliwa kwa mashirika yote yaliyoidhinishwa nchini Tanzania. Kasoro zilizotajwa zilihusu usimamizi wa usalama, pamoja na upungufu wa wataalamu wenye sifa. Nchi iliyowapokea watalii wa Ulaya kwa ndege zao kongwe ikazuiwa kuwapeleka kwa ndege zake mpya. Tofauti ilikuwa katika ukaguzi na kumbukumbu.

Mambo ya kuzingatiwa

Kutokana na maelezo hayo, watumishi na wananchi wanakumbushwa mambo manne.

Kwanza, kila chombo kiwe na kitabu cha matengenezo kinachoandikwa siku kazi inapofanyika, na fundi anayeandika ndiye aliyeifanya kazi hiyo. Kitabu kilichojazwa kwa pamoja mwisho wa mwezi hakimlindi mtu.

Pili, mkaguzi asiulizwe kwa nini amechelewesha safari, bali aulizwe ameona nini. Mkaguzi anayeogopa lawama za abiria au za wakubwa hawezi kuuona ufa hata ukiwa mbele ya macho yake.

Tatu, fedha za matengenezo zisihamishiwe kwenye matumizi mengine kwa sababu tu chombo bado kinatembea. Chombo kinatembea kwa sababu ya fedha zilizotumika jana.

Nne, mwananchi naye ana sehemu yake. Jina la kila abiria liandikwe, akiwemo mtoto mchanga, na chombo kikishajaa mtu akubali kubaki. Kumpa karani chochote ili apate nafasi isiyokuwapo ni kuwanunulia hatari na wale waliolipa kwa haki.

Ndugu wananchi, ukongwe wa chombo si aibu wala si sifa. Comet zilizochakaa ziliwafikisha watalii wengi salama kwa sababu nyufa zake zilitafutwa, na Liemba ilitimiza zaidi ya miaka 100 kwa sababu katika kila zama alipatikana fundi aliyeijali. Chombo huzeeka kwa kazi, na hilo halizuiliki. Kinachozuilika ni uzembe, na huo uko mikononi mwa watu.