Tovuti na Askari Asiyeona
Askari aliyepoteza macho vitani, akirudi kwao Masafu, wilayani Busia, hurudi na haki zake zote. Lakini siku hizi fomu nyingi za serikali hujazwa kwenye intaneti. Ipo programu ya kumsomea ukurasa kwa sauti. Ila ikikuta picha isiyo na maelezo, huenda ikanyamaza. Ikikuta kitufe kisicho na jina, hutamka “kitufe” tu, naye hajui kama anatuma au anafuta. Hapo hulazimika kumpa mtu mwingine neno lake la siri, jambo ambalo kila askari hukatazwa tangu mafunzoni.

Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu cha 9 kinaitaja intaneti waziwazi. Kazi yenyewe si kubwa, wala haidai fedha za kigeni. Mtengenezaji huandika maelezo ya kila picha, huvipa majina visanduku vya kujazia, na kuhakikisha ukurasa wote watumika kwa vibonye bila kipanya. Kwa wenye macho hafifu, tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake isipungue 4.5 kwa 1.

Anayejifunza ufundi huo leo mjini Busia na afunike kioo cha kompyuta kwa kitambaa, kisha aujaze ukurasa wake mwenyewe.