Karatasi za Mdaiwa: Ukweli Mbele ya Sheria na Mbele ya Jirani



Wahenga walinena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Katika parokia zetu tumeyaona matanga hayo kwa macho yetu. Mama mmoja alitujia baada ya Misa akiwa na kikapu kilichojaa bahasha, nyingi zikiwa bado hazijafunguliwa. Alikuwa amekopa ili aongeze bidhaa dukani, akakopa tena ili alipe mkopo wa kwanza, kisha akakopa kwa simu ili alipe ule wa pili. Tulimhurumia, tukamfanyia harambee Jumapili moja, lakini bahasha zile hatukuzifungua. Fedha zote zikaenda kwa mdai aliyepiga kelele kuliko wengine. Haukupita muda wadai waliosalia wakabisha hodi, na wanajumuiya waliomdhamini wakaanza kukatwa mishahara. Hapo tulikosa. Tulitanguliza mchango mahali palipohitaji hesabu kwanza.

Kwa hiyo leo twataka kusema juu ya karatasi. Nchini Kenya, Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 inamruhusu mtu asiyeweza kulipa madeni yake kwenda yeye mwenyewe katika Mahakama Kuu na kuomba atangazwe muflisi. Pamoja na ombi hilo hana budi kutoa taarifa ya hali yake ya kifedha: anawiwa na nani, kiasi gani, na ana mali gani. Hiyo ndiyo karatasi iliyo nzito kuliko zote, kwa maana ni ungamo la mfuko. Basi mdaiwa na aandae mapema mikataba ya mikopo, barua za madai, taarifa za benki na za fedha za simu, hati za mali, pamoja na orodha ya mapato na matumizi ya nyumbani. Deni la chama na deni la shemeji yaandikwe pia. Deni halikomi kuwa deni kwa sababu lilikopwa bila risiti.

Tena tujihadhari na hila. Wapo wanaomwandikisha ndugu shamba lao usiku ili lisionekane asubuhi. Mahakama yaweza kubatilisha uhamisho wa namna hiyo, na kuficha mali ni kosa la jinai.

Yatupasa pia kujua kwamba ufilisi si kifungo cha maisha. Chini ya sheria ya zamani, muflisi alilazimika kurudi mahakamani kuomba aondolewe hali hiyo. Kwa sheria ya 2015, kwa kawaida anaondolewa baada ya miaka 3 tangu alipowasilisha taarifa ya hali yake ya kifedha, isipokuwa pawepo pingamizi. Sikieni vema: miaka hiyo huanza kuhesabiwa pale karatasi inapowasilishwa. Anayeichelewesha kwa aibu anajiongezea mwenyewe muda wa mateso.

Kwa maskini asiye na mali ya kuuzwa, ambaye madeni yake hayapungui shilingi 100,000 wala hayazidi 400,000, sheria imeweka utaratibu mwepesi zaidi, naye hupeleka ombi lake kwa Mpokeaji Rasmi. Akikubaliwa na akawa mkweli, anafunguliwa baada ya miezi 12. Njia hiyo haitolewi mara ya pili. Ipo pia njia ya kukubaliana na wadai kulipa kidogo kidogo, nayo ifikiriwe kwanza na kila mwenye kipato, kwa maana dawa ya deni ni kulipa.

Lakini tusidanganyane. Mwenye kushika hati ya shamba kama dhamana bado aweza kuliuza. Madeni yaliyopatikana kwa ulaghai hayafutwi. Na mdhamini hafunguliwi kwa kuwa mdaiwa amefunguliwa. Yule mwalimu au muuguzi aliyetia sahihi fomu ya SACCO kwa upendo ataendelea kudaiwa. Kwa hiyo, kabla ya kwenda mahakamani, haki inadai kwamba mdaiwa awaite wadhamini wake na kuwaeleza ukweli uso kwa uso. Sheria inaweza kumwondolea deni, lakini haiwezi kumpatanisha na jirani yake. Kazi hiyo ni yetu.

Maandiko hayakuuacha mzigo huu pembeni. Kumbukumbu la Torati, sura ya 15, iliagiza madeni yaachiliwe kila mwaka wa saba. Sura ya 24 ilikataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu ndilo uhai wa nyumba. Sheria yetu nayo inamwachia muflisi vifaa vya lazima vya kazi yake na vya nyumbani. Wazo ni lile lile: mdai ana haki ya kulipwa, lakini hana haki ya kumzima mtu.

Basi, viongozi wa jumuiya, tuwaombe mambo matatu. Mkimwona mwenzenu anazikwepa bahasha, keteni naye mzifungue pamoja, mziandike katika daftari moja. Mumpeleke kwa wakili au kwa ofisi ya Mpokeaji Rasmi kabla ya kumpeleka kwenye harambee. Na siri yake isitoke nje ya chumba kile.

Mama yule wa kikapu aliacha kuja kanisani kwa muda mrefu. Hakuwa amepoteza imani. Aliogopa macho yetu. Siku aliporudi alikaa benchi la nyuma kabisa. Tunamwomba Mungu atujalie, siku mwingine atakapotujia na kikapu chake, tuwe na meza, kalamu na muda.