Ujira wa Kibarua na Jua la Jioni

(Hotuba ya Katibu mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Twashukuru kupewa nafasi hii ya kusema machache juu ya Neno la Mungu na maisha yetu ya kila siku. Hatukusimama kuhubiri, maana kazi hiyo ina wenyewe. Twataka kusema juu ya jambo moja tu, nalo ni saa ya kumlipa kibarua.

Torati yalitaja jambo hili mahali pawili. Katika Mambo ya Walawi, mlango wa 19, twakatazwa kulala na ujira wa mtu hata asubuhi. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 24, imeamriwa alipwe siku ile ile, kabla jua halijachwa, kwa sababu ya umaskini wake. Mtu wa namna hiyo hana akiba. Chakula cha jioni cha watoto wake kimo ndani ya fedha zile.

Bwana Yesu naye, alipotoa mfano wa shamba la mizabibu katika Mathayo, mlango wa 20, alisema kwamba mwenye shamba alipatana kwanza na vibarua wake dinari moja kwa siku, na jioni akamwagiza msimamizi awalipe. Mara nyingi twaufundisha mfano huo kwa ajili ya neema ya Mungu, na ndivyo ipasavyo. Lakini tusisahau kwamba jioni ile hakuna aliyeambiwa arudi kesho. Hata walionung'unika, walinung'unika fedha zao zikiwa mkononi.

Sasa twaomba ruhusa tujitaje sisi wenyewe, maana si vema kuanza kwa nyumba ya jirani. Mwaka jana, wakati wa palizi, tulimwita kijana mmoja apalilie mahindi yetu siku tatu. Ijumaa jioni, kazi ilipokwisha, alisimama mlangoni, jembe begani. Fedha tulikuwa nazo, lakini tulikuwa tumeziweka kwa mchango wa mabati ya kanisa, ambao majina ya watoaji yangesomwa Jumapili. Tukamwambia, "Njoo Jumatatu." Jumapili jina letu likasomwa, watu wakapiga makofi. Tulipogeuka tukamwona kijana yule ameketi benchi la nyuma, naye anapiga makofi pamoja na wenzake. Hakujua kwamba analipigia makofi jasho lake mwenyewe. Sisi tulijua.

Jumatatu tulimlipa. Alihesabu, akashukuru, akaenda moja kwa moja dukani kulipa deni la unga aliokopa Ijumaa usiku. Ndipo tulipofahamu kwamba sadaka yetu ilitolewa na nyumba iliyokopa unga.

Nabii Yeremia, mlango wa 22, alimkemea mfalme Yehoyakimu kwa kujenga jumba lake kwa kazi ya watu wasiolipwa. Twalisoma karipio lile tukidhani ni la wafalme tu. Lakini Yakobo, mlango wa 5, anawaonya wote wenye mashamba kwamba kilio cha wavunaji walionyimwa ujira humfikia Mungu.

Wako watakaosema, "Sisi twakaa mjini, na shamba liko mbali." Udhuru huo ulikuwa na nguvu zamani, tulipompa msafiri bahasha na kungoja basi lifike. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, fedha hufika kijijini kabla kibarua hajanawa miguu. Na Sheria ya Ajira ya nchi yetu, ya mwaka uo huo wa 2007, yasema kwamba ujira wa kibarua wa kutwa ni haki yake mwisho wa siku. Basi Torati, Injili na sheria ya nchi zimekwisha kupatana. Tuliobaki ni sisi.

Kwa hiyo twawasihi mambo matatu. Kwanza, tupatane ujira kabla jembe halijaingia udongoni. Pili, tusimwite mtu kazini kabla fedha yake haijatengwa. Tatu, sadaka na michango yetu itoke katika kilicho chetu, baada ya kila mwenye haki kupewa haki yake.

Mwisho, wazee wetu, mtuwie radhi. Sisi ndio tunaotunza mafaili ya chama. Mabenchi mnayoyakalia leo yalitengenezwa na fundi ambaye salio lake halijalipwa. Amefika ofisini mara tatu, na mara tatu sisi wenyewe tulimwambia arudi kesho. Chai ya mkutano huu imekwisha kununuliwa. Twamwomba Bwana Mwenyekiti amruhusu Mweka Hazina amlipe fundi huyo leo, kabla jua halijachwa, ndipo tufunge mkutano wetu kwa sala.