Mgongo Ukipinda, Pumzi Hubanwa

Leo nazungumza na mama anayemwogesha mtoto.

Mwambie ainame kama anayeokota ulezi uliomwagika, magoti yamenyooka, mikono inaning'inia. Simama nyuma yake. Ukiona mbavu za upande mmoja zimeinuka kuliko za upande wa pili, mpeleke zahanati. Si kwamba anakaa vibaya, wala si mkosi wa ukoo. Uti wa mgongo unapinda, na ukipinda hujinyonga, ukazivuta mbavu.

Wahunzi wa Kifipa wa zamani waliujua mvukuto: ukiubana ubavu, upepo hautoshi kuchochea moto. Pafu nalo ni hivyo hivyo. Tena mapafu ya mtoto hujengeka zaidi miaka ya mwanzo. Ndiyo maana mtoto wa miaka 3 aliyepinda mgongo hunitia wasiwasi kuliko kijana wa 15 aliyepinda kiasi kile kile.

Nasi hapa Sumbawanga tuko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Dar es Salaam. Mtoto mwenye afya hata hajui. Aliyebanwa kifua hana akiba, na upungufu huanza kujitokeza usiku: anashtuka-shtuka, anatoka jasho, anaamka kichwa kinamuuma, darasani anasinzia. Mwalimu, usimchape ukidhani ni mvivu.

Hospitali watambana kidole kwa kipimo kidogo cha oksijeni. Asubuhi za Juni vidole vikiwa baridi, kipimo hicho hudanganya; visugue vipate moto, na rangi ya kucha ifutwe. Kikisoma chini ya asilimia 90, hiyo ni dharura.

Ili kuunyoosha mgongo, wadogo huweza kufungwa plasta ngumu ya kiwiliwili. Akihema kwa shida baada ya kufungwa, mrudishe siku hiyo hiyo. Mgongo uliopinda sana hunyooshwa kwa upasuaji, na Taasisi ya Mifupa MOI, pale Muhimbili, wanaufanya. Baada ya upasuaji maumivu humfanya mtoto aogope kuvuta pumzi ndefu. Mketishe, mhimize avute taratibu, akohoe. Lakini pumzi iliyopotea kwa miaka mingi hairudi yote, hata mgongo ukinyooka.

Basi mama, kesho akivua shati aoge, mtazame mgongo.