Hotuba ya Mwenyekiti: Nauli Isimcheleweshe Mama



Miaka 10 tumeweka na kukopeshana, tunamshukuru Mungu. Lakini leo tunamkumbuka mwenzetu mmoja. Alikosa siku zake, akaumwa chini ya kitovu upande mmoja, damu ikamtoka kidogo kidogo. Tukasema, "Chango tu hilo, litapoa." Siku ya tatu akaanguka kisimani. Kumbe mimba ilitunga kwenye mrija, na mrija umepasuka. Hatukuwahi.

Sasa tumejifunza. Kipimo cha haraka, cha mkojo au cha damu, huonyesha homoni ya mimba kwa dakika chache. Ila hakisemi mimba imekaa wapi. Ukiambiwa unayo na tumbo linauma, usirudi nyumbani; nenda hospitali ukapigwe ultrasaundi. Wakiwa na shaka, hupima damu tena baada ya saa 48, waone homoni inapandaje. Lakini mwenye kizunguzungu au maumivu ya bega asingoje hizo saa 48. Huyo ni wa kukimbizwa usiku huohuo.

Ndiyo maana tumeamua mfuko wa jamii utoe nauli hapohapo, bila kikao wala barua. Fedha hurudi, jamani. Mtu harudi.