Mhadhara: Gugumaji Lilitikisika, Nikasema Kiboko



Ndugu msomaji, hasa wewe uliyenisikiliza Ramadhani ya mwaka 2021 hapa Kisumu, nina deni lako. Siku ile nilisema, tena kwa sauti, kwamba wanasayansi wa CERN kule Geneva wamegundua fizikia mpya. Hawakuwa wamegundua. Leo nimekuja kulipa.

Hebu tuanzie Dunga. Kiboko akiwa chini ya gugumaji humwoni. Lakini gugumaji likitikisika na upepo hakuna, mvuvi hangoji kuona masikio, anageuza mtumbwi.

Basi ndivyo wanavyotafuta hawa. Kuna chembe iitwayo mesoni B, nzito kuliko protoni mara 5 na kitu. Igawe sekunde 1 mafungu trilioni: yeye huishi kama fungu moja na nusu, kisha huvunjika. Mara nyingi huvunjika kwa njia za kawaida. Lakini takriban mara 1 katika milioni 2 hutoa kaoni pamoja na myuoni 2, na kwa uchache huohuo hutoa kaoni na elektroni 2. (Myuoni ni ndugu wa elektroni, ila uzito wake ni kama mara 200.) Kwa nini wahangaike na kitu adimu hivi? Kwa sababu penye kelele nyingi mnong'ono hausikiki. Kwenye njia adimu, chembe ngeni, nzito mno hata mashine haiwezi kuiunda, ikigusa kidogo tu hesabu inabadilika. Huyo ndiye kiboko.

Nadharia tuliyonayo inasema myuoni na elektroni zipate sawasawa. Machi 2021 kundi la LHCb pale CERN likatangaza: kwa kila 100 za elektroni, za myuoni ni kama 85. Bahati tupu kuleta tofauti hiyo ni kama 1 kwa 1,000. Mimi nikaona yatosha! Wenyewe walisema ni dalili tu, maana kwao ugunduzi hautangazwi mpaka bahati ifike 1 kwa milioni 3.5 hivi. Hayo niliyasoma, nikayaruka. Kijana mmoja aliyekaa nyuma karibu na viatu akauliza, "Ustadh, nani amehesabu mara ya pili?" Nikamwambia asubiri. Adhana ya Magharibi ikaniokoa.

Desemba 2022 jibu lake likaja. Elektroni ni ngumu kuitambua, kwani ikipita kwenye vyombo hutoa mwanga na kupoteza nguvu njiani. Kumbe baadhi ya zilizohesabiwa elektroni zilikuwa chembe nyingine, kama paioni, zimevaa sura yake. Ni kama gorogoro ya omena iliyochanganyika na vidagaa vingine, nawe unahesabu vichwa tu. Walipoziondoa, uwiano ukarudi karibu na moja kwa moja. Ulikuwa upepo.

Na waliohesabu upya ni LHCb walewale. Walikuwa na habari iliyozunguka dunia nzima, wakaishusha wenyewe na kuandika kosa lilikuwa wapi. Mimi imenichukua muda zaidi, si ndio?

Lakini ziwa halijatulia lote. Katika uvunjikaji wa jirani, pembe zinazotokea myuoni hazikai sawa na hesabu ya nadharia. Wengine wanasema huenda ni chembe mpya. Wengine, ni kwaki za chamu, ambazo mchango wake ni mgumu kuukokotoa.

Kwa yule kijana wa nyuma: takwimu za LHCb za mwaka 2011 na 2012 zimewekwa wazi kwenye intaneti, bure. Na Kigali, tangu 2018, ipo taasisi ya ICTP inayofundisha fizikia ya namna hii. Kama bado uko Kisumu, nitafute baada ya tarawehe. Hiyo ya pembe mimi mwenyewe sijaielewa vizuri, njoo tuisome.